Saratani ukanda wa dhahabu: Tunalaumu zebaki, tunasahau kinga

Na Mwandishi Wetu, Geita

SWALI ambalo halikosekani kila inapotajwa saratani mkoani Geita na katika maeneo jirani ya Kahama na Shinyanga ni moja: Je, dhahabu ndiyo inayotuua?

Ni swali la haki. Watu wanaoishi jirani na mialo ya kuchenjulia dhahabu wanaiona zebaki ikishikwa kwa mikono mitupu, wanauona moshi wake ukipaa, na wanavuta vumbi la mawe yanayosagwa kwenye makarasha mchana na usiku. Hata bungeni imewahi kuhojiwa ni kwa nini wagonjwa wa saratani wanaotoka Kanda ya Ziwa wanaonekana kuwa wengi.

Hata hivyo, swali kuwa la haki hakulifanyi jibu lake kuwa jepesi. Hatari iliyopo ni kwamba wakati macho yote yameelekezwa kwenye zebaki, adui aliyekwisha kuthibitishwa na sayansi anapita mlango wa nyuma. Na silaha ya kumzuia ipo katika vituo vyetu vya afya, tena bila malipo.

Tuanze na watuhumiwa wenyewe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), hupanga vitu katika makundi kulingana na uzito wa ushahidi kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu.

Katika orodha hiyo, zebaki ile inayotumika kukamatia dhahabu haijawekwa miongoni mwa visababishi, kwa kuwa ushahidi uliopo hautoshi. Ile inayobadilika majini na kuingia katika samaki imewekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Hiyo si hati ya kuiachia huru zebaki. Inaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na inamdhuru mtoto angali tumboni mwa mama yake. Sababu hizo peke yake zinatosha kuipiga vita, na ndiyo maana dunia ilikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ambao Tanzania nayo imeuridhia.

Vumbi la mawe lenye silika, kwa upande wake, limo katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitishwa. Mchimbaji anayelivuta kwa miaka mingi bila kujikinga anajiweka katika hatari ya saratani ya mapafu, mbali na kifua kikuu na ugonjwa wa mapafu kukakamaa. Aseniki, ambayo huambatana na baadhi ya miamba ya dhahabu, nayo imo katika kundi hilo.

Lakini orodha ya kundi la kwanza haiishii machimboni. Vimo pia virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, virusi vya homa ya ini aina ya B, Virusi vya Ukimwi (VVU) na minyoo wa kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Watafiti wa IARC walikadiria kwamba mwaka 2018 pekee, watu milioni 2.2 duniani walipata saratani zilizotokana na maambukizi, sawa na asilimia 13 ya wagonjwa wapya wote. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa jangwa la Sahara, sehemu hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza. Makadirio ya shirika hilo kwa mwaka 2022 yanaonyesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika kuwa nayo kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki dunia. Ugonjwa huo hautokani na zebaki. Karibu wote hutokana na HPV.

Ili kuelewa jinsi kirusi kinavyoweza kuzaa saratani, ni vyema kwanza kufahamu saratani yenyewe ni nini.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa matrilioni ya seli. Kila siku seli nyingi huzeeka na kufa, na nyingine hugawanyika ili kuziba pengo. Kila inapogawanyika, seli hulazimika kunakili maelekezo yote ya uhai yaliyomo katika vinasaba vyake, maandishi yenye mabilioni ya herufi. Katika kunakili huko, makosa hayaepukiki.

Makosa mengi hayana madhara, au hurekebishwa hapo hapo. Balaa huanza yanapogusa jeni za aina mbili. Aina ya kwanza huiamuru seli kukua, mfano wa pedali ya mafuta katika gari. Aina ya pili huizuia, mfano wa breki. Pedali ikikwama na breki zikikatika, seli hugawanyika bila kusikiliza amri ya mwili.

Hayo hayatokei kwa siku moja. Huhitajika makosa kadhaa, moja juu ya jingine, kwa muda wa miaka mingi. Kinachofanywa na moshi wa tumbaku, vumbi la silika au mayai ya kichocho yaliyonasa katika ukuta wa kibofu ni kuujeruhi mwili mara kwa mara, hivyo kuzilazimisha seli kugawanyika kila siku ili kuponya kidonda, na kuongeza nafasi ya makosa.

Kirusi cha HPV kinachukua njia ya mkato. Aina zake za hatari hutengeneza protini mbili ambazo kazi yake ni kuzing'oa breki za seli. Mojawapo ya breki hizo ni protini iitwayo p53, ambayo wanasayansi huiita mlinzi wa vinasaba, kwa kuwa ndiyo inayoiamuru seli yenye kasoro isimame au ijiue.

Hata hapo, safari bado ni ndefu. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi hadi saratani kujitokeza. Kwa yule ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo hushuka hadi miaka mitano hadi 10.

Tofauti hiyo ya miaka inatufundisha jambo kubwa: kati ya seli iliyoasi na saratani kamili, yupo mlinzi anayesimama katikati.

Wakazi wa Shinyanga na Kahama wanaifahamu historia ya sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokithiri, wananchi walijipanga wenyewe kulinda vijiji vyao. Nguvu yao haikuwa katika silaha bali katika kufahamiana. Walijua nani ni wa kijijini na nani ni mgeni, na filimbi ilipopigwa, kijiji kizima kilitoka.

Kinga ya mwili hufanya kazi mfano wa hiyo. Chembechembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo seli T, huzunguka mwilini zikikagua kila seli. Kila seli hulazimika kuonyesha juu ya ngozi yake vipande vya protini inazotengeneza ndani. Seli T ikikuta kipande isichokitambua, huiua seli hiyo na kuwaita wenzake.

Tatizo la saratani ni kwamba mwizi huyu si mgeni. Amezaliwa hapo hapo kijijini, anafanana na ndugu zake, na kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kuwa kinga huwaua wale wanaoonekana wazi, wanaobaki ni wale waliojifunza kujificha. Wengine huacha kabisa kuonyesha vipande vya protini. Wengine huvaa kinga ya hila zaidi, iitwayo PD-L1, ambayo huigusa seli T na kuiambia irudi nyuma, sawa na mwizi aliyejipatia barua ya mtendaji wa kijiji.

Ushahidi kwamba mlinzi huyu ndiye anayetuokoa siku zote umeonekana wazi hapa hapa Afrika Mashariki. Ukimwi ulipoingia, saratani ya Kaposi, ambayo awali ilikuwa ya watu wachache, ilienea kwa kasi. Dawa za kufubaza VVU zilipowafikia wagonjwa, ilianza kupungua. Aidha, utafiti umeonyesha kuwa mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi.

Kabla ya hapo, mwaka 1958, daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, alieleza saratani ya taya iliyokuwa ikiwaua watoto katika maeneo yenye malaria nyingi. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake mjini London waligundua kirusi ndani ya sampuli zilizotoka Uganda. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ikiwa kinga ndiyo inayozuia saratani, je, haiwezi kutumika pia kuitibu? Wazo hilo si jipya. Mwaka 1891, daktari William Coley wa New York alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria kwa makusudi, ili kuiamsha miili yao. Baadhi walipona, lakini hakuweza kueleza kwa nini.

Mfano mwingine uko mikononi mwa kila mama wa Geita. Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu begani mwa mtoto mchanga, ni kinga ya kifua kikuu. Tangu mwaka 1976 imejulikana pia kwamba ikiwekwa ndani ya kibofu cha mkojo chenye saratani changa iliyo juu juu, huiamsha kinga ikaishambulia. Kwa bahati mbaya, saratani ya kibofu inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine na hugundulika ikiwa imezama, hivyo tiba hiyo haiwasaidii wengi wa wagonjwa wetu.

Mageuzi makubwa yalikuja pale James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, kila mmoja kwa njia yake, walipobaini kwamba seli T zina breki, na kwamba breki hizo zikifunguliwa, seli hizo hurudi kazini. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, nyingine zikafuata mwaka 2014, na mwaka 2018 wanasayansi hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 2017, Marekani iliidhinisha tiba nyingine, ambayo seli T za mgonjwa hutolewa mwilini, zikabadilishwa vinasaba maabara ili zimtambue adui, kisha zikarudishwa katika damu. Baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu waliokwisha kukatiwa tamaa walipona.

Ni habari njema, lakini zina masharti. Wagonjwa wengi hawapati nafuu kwa dawa hizo, hasa pale saratani inapokuwa haina alama ya kutosha ya kutambuliwa na kinga. Na breki za kinga hazikuwekwa bure. Sungusungu walipokosa wa kuwadhibiti, wapo wasio na hatia walioumizwa. Kadhalika, kinga iliyoachiwa breki inaweza kuyashambulia mapafu, utumbo, ini au tezi za mgonjwa mwenyewe. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, kwa kueleza jinsi mwili unavyoizuia kinga isijishambulie.

Hapa pana onyo kwa wanaonunua unga na vidonge barabarani kwa ahadi ya “kuongeza kinga” na kuponya saratani. Tiba ya kinga si kuongeza kinga kiholela. Ni kuielekeza kwa shabaha, chini ya uangalizi wa madaktari wenye vipimo.

Sharti la pili ni bei. Nchini Marekani, matibabu ya mwaka mmoja kwa dawa maarufu ya pembrolizumab huzidi dola 100,000. Mwaka 2025, WHO ilipanua matumizi ya dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, ikiwamo kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Lakini kuwamo katika orodha ya Geneva si sawa na kuwamo katika stoo ya hospitali. Kwa mkazi wa kawaida wa Nyarugusu au Katoro, dawa hiyo ni kama haipo.

Hata hivyo, kuna njia nyingine ya kuitumia kinga, ambayo haimsubiri mwizi aingie. Nayo ni chanjo.

HPV huishi katika tabaka la chini la ngozi ya mlango wa kizazi. Hakiingii katika damu, wala hakiui seli kwa kishindo. Kwa hiyo filimbi haipigwi, na mwili huchelewa kukitambua. Chanjo hupeleka taarifa moja kwa moja kwa walinzi: ni maganda matupu yanayofanana na kirusi, yasiyo na vinasaba ndani, yanayodungwa katika msuli. Kwa kuwa hayana vinasaba, hayawezi kuambukiza wala kuzaliana. Uvumi kwamba yanaharibu uzazi hauna msingi wowote wa kisayansi. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe.

Na sehemu ya ushahidi mkubwa juu ya chanjo hii imetoka ng'ambo ya pili ya ziwa, jijini Mwanza. Kuanzia mwaka 2017, watafiti walifuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliopewa dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina hatari zaidi za virusi hivyo. Nchini Kenya, utafiti wa wanawake vijana 2,275 uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya aina hizo kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18.

Kwa maneno mengine, wasichana wa Afrika Mashariki ndio walioisaidia dunia kujua kwamba sindano moja inatosha. Desemba 2022, WHO ilitoa mwongozo unaoruhusu ratiba ya dozi moja.

Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili. Aprili 2024 ilihamia kwenye dozi moja, kwa kampeni iliyowalenga wasichana zaidi ya milioni 4.8 wa miaka 9 hadi 14. Matokeo yanayotarajiwa yanaonekana kwa waliotangulia: huko Uskoti, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 haukumkuta na saratani ya mlango wa kizazi hata mmoja kati ya wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13.

Hapa ndipo Geita inapopaswa kujitazama. Chanjo hii kwa sehemu kubwa hutolewa kupitia shule, na machimbo ni adui wa shule. Dhahabu ikisikika imeibuka mahali, familia huhama usiku mmoja. Msichana aliyeandikishwa darasa la nne katika kata moja hujikuta akiuza chakula au kuokota mawe katika kata nyingine, na jina lake halisomwi na mwalimu wala mhudumu wa afya.

Msichana huyo ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Katika makazi ya machimbo, ngono huanza mapema, fedha ya haraka ni nyingi leo na haipo kesho, na maambukizi ya VVU huzipata njia rahisi. HPV na VVU vikikutana katika mwili mmoja, ile miaka 20 ya kungoja inakuwa mitano. Kumkosa kwa dozi moja leo ni kumpa miadi ya wodi ya saratani akiwa bado mama kijana.

Ni kweli kwamba chanjo haimalizi kila kitu. Aina za 16 na 18 zinazolengwa zaidi husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Ndiyo maana uchunguzi hauepukiki. Kipimo cha siki, ambacho hupakwa kwenye mlango wa kizazi na kuyafanya mabadiliko yaonekane meupe, hakihitaji maabara. Dalili za awali zikionekana, zinaweza kuondolewa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kuunguza.

Badala yake, wagonjwa wetu wengi hufika Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Daraja la Kigongo-Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limewaondolea wagonjwa wa Geita adha ya kusubiri kivuko. Lakini hakuna daraja linaloweza kurudisha miaka 10 iliyopotea kabla ya safari kuanza.

Fedha si kisingizio kwa mkoa huu. Halmashauri zake hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya mgodi mkubwa, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, wenye migodi wanatakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mipango ya kuwahudumia wananchi. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, jambo la kupongezwa. Sasa zijenge na kinga: timu za chanjo na uchunguzi zinazofuata machimbo yanakohamia, si zinazosubiri machimbo yaje shuleni.

Aidha, kila kituo kinachotoa dawa za kufubaza VVU kihakikishe mwanamke haondoki na dawa zake bila kuulizwa ni lini alipimwa saratani ya mlango wa kizazi. WHO imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa, na asilimia 90 ya wenye matatizo wawe wametibiwa. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole.

Uchunguzi kuhusu zebaki, aseniki na vumbi uendelee, na wananchi wapewe majibu yenye takwimu badala ya fununu. Mchimbaji naye apewe maji ya kuzimia vumbi na kifaa cha kukamatia moshi wa zebaki. Lakini kusubiri majibu hayo kusiwe sababu ya kuacha yale ambayo majibu yake yamekwisha kupatikana, tena jirani kabisa, Mwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika saratani, ukuta huo hugharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, na Geita haina uwezo wa kuujenga. Uwezo wa kuziba ufa inao. Je, halmashauri zetu zinafahamu ni wasichana wangapi wa machimboni ambao hawajachanjwa hadi leo?